Blanketi la Watoto Wote

Gisenyi, 4 Juni 1956

Mwanangu Mukantwari,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, ila mgongo unanilalamikia kwa kuinamia cherehani. Wewe na mjukuu wangu Dauda mnaendeleaje? Nimeambiwa ana masikio yangu. Pole yake.

Nakutumia lile blanketi la sufu. Wewe ulikua humo, na ndugu yako Faradji, na watoto wake wote. Limekaa sandukuni miaka mingi na naftalini, yale madonge meupe ya kufukuza nondo, na halina hata tundu moja. Nilitaka kulianika, lakini meli ilikuwa inaondoka. Mfunike vizuri.

Baba yako, Kadiri

Bukavu, 10 Juni 1956

Baba mpenzi,

Salaam aleikum. Natumaini mgongo umepoa. Blanketi limefika, na harufu yake ilinirudisha nyumbani mara moja. Mama mkwe humpaka mtoto mafuta mwili mzima, kisha tunamviringisha mpaka ibaki pua tu.

Lakini nina wasiwasi. Tangu juzi macho yake yamekuwa ya manjano, na hanyonyi vizuri. Mama mkwe anasema ni baridi. Kesho nampeleka hospitali.

Binti yako, Mukantwari

Gisenyi, 14 Juni 1956

Mwanangu,

Salaam, na poleni. Usiogope, mtoto wa kwanza humtia mama yake wazimu. Kama ni baridi, dawa ninayo: natuma shali langu zito. Nimelijaza naftalini konzi mbili na kulishona ndani ya turubai, nondo asipate njia. Hili nalo sikulianika. Niliposikia meli ya leo ndiyo ya mwisho wiki hii, niliacha suruali ya mteja ikiwa na mguu mmoja.

Baba yako, Kadiri

Bukavu, 15 Juni 1956

Baba,

Salaam, nina haraka. Tafadhali usitume nguo yoyote ya sandukuni. Tumelazwa. Muuguzi alimnusa mtoto akauliza, "Mama, hii harufu iko inatoka wapi?" Nilipomweleza, akamwita daktari mbio. Mkojo wa Dauda ni mweusi kama chai ya rangi. Daktari anasema mvuke wa naftalini unamvunjia damu.

Nikambishia. Nikasema sote tulilala humo tukakua. Akakubali kwamba watu wengi hawadhuriki, lakini wako wachache ambao damu yao haiistahimili, na kwa kumtazama tu huwezi kumjua. Tena huyu ni mchanga, ini lake halijapata nguvu, mafuta yaliipitisha sumu kwenye ngozi, na blanketi halikupigwa jua.

Wamemwongeza damu. Leo amenyonya kidogo. Tuombee.

Binti yako, Mukantwari

Bukavu, 25 Juni 1956

Baba,

Salaam. Dauda amefariki juzi Jumamosi. Tumemzika.

Walituruhusu Jumanne, mtoto akicheka usingizini. Mzigo wako ulikuwa umetutangulia nyumbani. Siku nane sikufumba jicho, nikajilaza mchana ule. Mama mkwe akafungua turubai, akampaka mafuta, akamfunika shali. Alijua kwamba blanketi ndilo baya. Kuhusu shali hakuna aliyemwambia, na ilikuwa kazi yangu kumwambia. Nilipoamka midomo ya mtoto ilikuwa myeupe. Safari hii damu ya hospitali haikumsaidia.

Najua hukujua. Lakini usije kwanza, Baba. Siwezi kuvumilia harufu ya nguo zako.

Mukantwari

Gisenyi, 2 Julai 1956

Mwanangu,

Sikuulizi hali, naijua. Sitakuja.

Kuna jambo sikuwahi kukwambia. Kabla yenu tulizaa mtoto wa kiume. Tulimfunga blanketi lile lile, siku hiyo hiyo lilipotoka sandukuni. Siku ya kumi akageuka manjano, mkojo ukawa mweusi, akafa. Bibi yako, mama yangu, akasema maziwa ya mama yako ni sumu. Nami nikanyamaza. Baadaye mlizaliwa ninyi mkapona, na bado yale maneno hayakufutwa.

Mama yako hakujitetea hata mara moja. Lakini mpaka anakufa, kila alipopewa mtoto wa mtu ambebe, alinitazama kwanza, kama anaomba ruhusa. Na mimi nilikuwa nikimpa.

Baba yako, Kadiri