Mguu wa Kushoto Hauniambii Kitu

Jumatatu, 3 Machi

Nimekimbia tena. Sikupaswa. Mgongo ulishanionya asubuhi dukani, nilipoinama kuokota pini — pale kiunoni, kama mtu anakamua nguo. Nikabaki nimeinama juu ya meza ya kukatia, mteja akidhani napima pazia lake. Ikabidi nilipime kweli.

Mbio ndefu ni mwezi ujao. Nyumbani sisemi kitu.

Jumatano, 5 Machi

Maumivu yameteremka mguuni. Nimeuliza kwenye kundi letu la simu. Sote ni wakimbiaji wa jioni tu, bingwa hakuna, kila mtu na nchi yake. Tulijuana kwenye mbio moja, tulipofika mwisho pamoja wakati waandaaji wanakunja mahema. Niliuliza swali dogo: niende kwa osteopathi? Sikutegemea vita!

Posta, yule anayesambaza barua kwenye theluji, anasema kwao ni kama kwenda kwa kinyozi. Unalala, mtu anakubonyeza na kukunyoosha mgongo kwa mikono, unarudi barabarani. Yeye huenda hata asipoumwa. Nesi akatuma sauti ndefu: kwao watu hao hawana hata leseni, na shingo ya mtu si kifuniko cha chupa. Mkalimani anasema kwao wanasoma miaka mingi, vyeti vimejaa ukutani, ila mama yake bado anawaita waganga.

Kila mmoja ana hakika yake. Mwenye mgongo ni mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Ganzi. Kidole gumba cha mguu wa kushoto, na pembeni mwa wayo. Nimekichoma kwa pini. Damu imetoka, uchungu hamna.

Mume wangu ameniona nachechemea. Niache mbio, anasema, kwani nafukuzwa na nani? Nikamwambia kuna osteopathi mtaa wa nyuma, juu ya duka la miwani. Akaendelea kumenya viazi. Halafu, taratibu:

"Akikuvunja, mimi nikupeleke wapi?"

Nilimcheka. Alipotoka jikoni sikucheka tena. Alimbeba baba yake kumpeleka chooni mpaka mzee anafariki. Najua anachokiona akinitazama.

Jumapili, 9 Machi

Sikukimbia. Kuna jambo jingine, sitaki kuliandika.

Haya, naliandika. Mkojo hautoki vizuri. Nakaa, nasubiri, nafungua bomba labda sauti ya maji itauita. Na nikijipangusa sijisikii sawasawa — kama nagusa mwili wa mtu mwingine.

Dada alipiga simu. Nikamgusia kidogo, kwa utani. Hakucheka. Mficha uchi hazai, akasema, kamwambie mtu kesho. Nikaanza kumwandikia Nesi pembeni. Nimeandika, nimefuta. Nimeandika, nimefuta.

Jumatatu, 10 Machi

Osteopathi ni mama mtu mzima, mfupi, kucha amezikata mpaka mwisho. Nilivua viatu na soksi ya kushoto. Nikalala nikingoja anikamate shingo — nilikuwa nimeshafumba macho.

Hakuikamata. Aligonga nyuma ya visigino kwa kinyundo cha mpira. Mguu wa kulia ukaruka. Wa kushoto kimya. Akaniambia nitembee kwa visigino. Wa kushoto ukaanguka chini kama kandambili. Akaniuliza habari za haja ndogo. Nikasema salama.

Akavuta kiti, akakaa karibu yangu.

"Mwanangu, leo mimi ndiye ninayeogopa. Nikiweka mikono mahali pasipofaa, huenda usitembee tena. Nakuuliza upya: mkojo?"

Nikamwambia. Mara ya kwanza kulisema kwa sauti. Nililia kama mtoto, nikiwa na soksi moja.

Hakunigusa tena. Alipiga simu hospitali mwenyewe, akaniitia teksi, akanishika mkono kwenye ngazi. Si kesho, alisema. Sasa hivi.

Jumatatu hiyohiyo, hospitali

Wameniingiza kwenye ile mashine ya picha, inayogonga kama mafundi bati. Diski ya mgongo imechomoka, imebana neva zote za chini. Upasuaji ni leo. Nikamuuliza daktari kuhusu mbio. Naye akaniuliza ni lini mara ya mwisho nilikojoa vizuri. Nilipomjibu akaandika, hakuinua kichwa.

"Tutajaribu," akasema.

Tutajaribu nini? Sikuthubutu kuuliza.

Kundi linanisubiri. Posta anataka kujua kama mgongo ulialika. Nesi anauliza kama bado nina shingo. Nimewajibu: hakuninyoosha, amenileta hospitali. Posta haamini. Nesi naye haamini.

Mume wangu amefika, shati amelivaa nje ndani. Amepiga magoti sakafuni, ameanza kuukanda mguu wangu wa kushoto, polepole, kidole kwa kidole. Namwona anavyoukanda; kama nisingemwona, nisingejua kuna mtu. Ameinua macho.

"Unasikia?"

Nimeitikia kwa kichwa. Amezidi kukanda, sasa anatabasamu, na kitanda cha magurudumu kinakuja —