Betri Inakaa Eda Pamoja Nami

Mtaa wa Sokoni,
Mbeya.
14 Julai 1956

Mpendwa shemeji Alawi,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Tanga, wewe, Rukia na watoto. Kifua cha mama kimepona? Sisi hatujambo, ila baridi tu. Leo asubuhi nyasi za uani zilikuwa nyeupe, na maji ya kutawadhia tuliyapasha moto kwanza. Wewe ungekimbia.

Eda yangu inakwenda salama. Siku ni ndefu kwa mtu aliyezoea soko kama mimi, na kaka yako Zubery namkumbuka hasa jioni, saa aliyokuwa akirudi na lori. Sikufichi, bado ninalia.

Barua yako nimeipata. Unasema lori lenu, wewe na kaka yako, haliwaki asubuhi, limechoka, liuzwe. Ni kweli kwamba mwezi wa sita dereva wetu Yohane alikuwa akifika Mwanjelwa jua limeshapanda, wenzake wameshapakia viazi na kwenda zao Iringa. Lakini lori halijachoka, shemeji. Ni betri iliyokuwa ikiona baridi.

Huko kwenu mnachaji betri usiku, asubuhi imejaa. Hapa, ukiiacha barazani, mashine ya kuchajia itanguruma usiku kucha na betri haitafika hata nusu. Betri yenye baridi hupokea kidogo kidogo, kama mtoto mgonjwa anayenyweshwa uji. Zubery kila kipupwe alikuwa akiiingiza ndani, nami nikimnung'unikia kwamba ananichafulia nyumba. Alipoondoka, hakuna aliyelikumbuka hilo mpaka nilipokaa humu ndani na kuwaza.

Basi nikaagiza iletwe. Mwanamume haingii kwa mwenye eda, kwa hiyo Yohane huiweka mlango wa nyuma, kisha mimi na mdogo wangu Jaha tunaibeba. Siku ya kwanza Yohane alisema nyuma ya mlango, "Mama, weka karibu na mafiga, itajaa upesi." Nikamwambia hapana, betri ikichajiwa hutoa hewa, na hewa hiyo ikikutana na moto hulipuka. Anadhani miaka yote hiyo nilikuwa nikipika tu.

Tunaichajia kwenye stoo inayopakana na jikoni. Ukuta una joto, dirisha liko wazi, na waya unapita hapo kwenda kwenye mashine uani. Tukianza magharibi, adhana ya alfajiri inaikuta imejaa. Kisha naifunika kwa lile koti zito la Zubery, isipoe mpaka Yohane aje. Siku ya kwanza nilipotaka kulitandika koti hilo nililirudisha msumarini mara mbili. Sasa nimezoea. Na Yohane siku hizi anapakia wa kwanza.

Yule mnunuzi uliyemtuma kutoka Chunya, Bwana Selemani, alikuja juzi alfajiri, makusudi, alione lori likikataa. Yohane akaligusa mara moja tu, likawaka. Nikiwa dirishani nikamsikia Selemani akiuliza, "Hili ndilo bovu?" Akaongeza bei papo hapo, na amesema atarudi mwisho wa mwezi kulichukua, kwa kuwa wewe umeshakubali.

Mimi sijakubali. Lori hilo ndilo linalowalisha watoto wa kaka yako. Siku atakayorudi, betri itakuwa uvunguni mwa kitanda changu, na bila betri lori hilo haliondoki uani. Mwanamume wa kuingia chumbani mwa mwenye eda akaichukue bado sijamwona, hapa Mbeya wala huko Tanga.

Usikasirike. Mwandikie Selemani kwamba haliuzwi, kisha mwezi ujao nikitoka eda uje mwenyewe, upande na Yohane hadi Iringa, uone.

Msalimie mama, unibusie mkono wake. Msalimie Rukia na watoto. Jaha anakusalimu sana. Mungu amrehemu Zubery, na sisi atukutanishe kwa heri.

Ukija, njoo na koti lako. La kaka yako lina mwenyewe.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye hata tukibishana,

Siwema