Mume Wangu Aliichukua Barua Yangu ya Kuacha Kazi

Shangazi Hellen, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kujutia, maana nina hasira kali.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari hapa Mwanza, mwaka wa kumi na sita sasa, na siku zote nimekuwa nikichora ubaoni hadi wanafunzi wa madarasa mengine wanakuja kuchungulia, na mwaka huu kampuni mpya ya vitabu iliona michoro yangu ikaniomba nichore kitabu kizima cha samaki wa ziwa letu, wakasema vingine vitatu vinafuata, nikaona wakati ndio huu, nikaandika barua ya kuacha kazi nikampa mkuu wa shule. Mume wangu Antoni sikumwambia. Yeye ni fundi mitambo kiwanda cha nguo Nyakato, na tangu kitangazwe kuuzwa wenzake wanapunguzwa kila mwezi, nikajua atakataa.

Alipopata habari hakunigombeza. Alikwenda kimyakimya kwa mkuu wa shule akamwambia, "Mke wangu hayuko sawa kichwani siku hizi, naomba hiyo barua," na mkuu akampa! Kesho yake walimu wenzangu wananisemesha taratibu kama mgonjwa, "Pole mwalimu, pumzika," mpaka Mwalimu Malimi akanieleza ukweli. Jumamosi nikaenda soko la Mwaloni kununua dagaa, mama muuzaji ananifungia, natazama karatasi, ni mchoro wangu wa furu! Wiki mbili nilimchora samaki yule, gamba kwa gamba. Nikamuuliza karatasi kazitoa wapi. "Kuna baba kaniletea bunda zima, kasema ni takataka za shule."

Nilipomkabili Antoni alisema, "Chaki ndiyo inatulisha. Kuchora ni kwa watoto." Sasa niko kwa dada yangu Dorotea, Buhongwa. Niachane naye, au nirudi darasani ninyamaze?

Paskazia, Kirumba

Marahaba, Paskazia. Nimesoma barua yako nikashindwa kukaa. Nimekasirika pia, na sehemu ya hasira hiyo ni yako.

Unaacha kazi ya miaka kumi na sita, mwenzako anaamka kila siku hajui kama leo ni zamu yake kupunguzwa, na humwambii? Ulijua atakataa! Angekataa mbele yako, mkabishana, ndiyo ndoa hiyo. Kwa hilo mwombe radhi, tena bila "lakini".

Ila hofu haimpi mtu ruhusa ya kumtangaza mkewe kuwa kichaa, wala ya kugawa kazi yake sokoni. Na huyo mkuu wa shule! Anakabidhi barua ya mtumishi kwa mumewe, kama mtoto aliyeombewa ruhusa na mzazi!

Sasa nisikilize. Talaka si ya wiki hii, na kunyamaza usithubutu. Jumatatu nenda shuleni na barua mpya, nakala ipeleke ofisi ya elimu, na uwaambie walimu wote, kwa sauti yako ya darasani, kwamba huumwi popote. Leo hii waandikie watu wa kitabu kwamba michoro imepotea, uombe muda, usiwadanganye. Kisha mwite Antoni hapo kwa Dorotea mbele ya wazee wa pande zote mbili. Anza wewe kuomba radhi. Halafu umtake aende kwa mkuu yule yule akayafute maneno yake kwa mdomo ule ule.

Akienda, rudi kwako mkapange maisha. Akigoma, mwombe dada yako meza, ukae, uchore.