Sindano ya Siku ya Idd

Maskati

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Natumai u mzima na magoti yanakuruhusu kushuka pwani kwenye mwani wako. Mimi namshukuru Mungu, ila moyo haujatulia. Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu, nikilikaribia jambo hili tu, unampa Nuru nizungumze naye. Barua huwezi kumpa mtoto aijibu.

Nianzie hapa ninapofanya kazi. Mwaka ule wa korona, tulipofungiwa ndani, watoto wa nyumba hii hawakupata hata mafua. Tulifurahi. Skuli zilipofunguliwa wakaugua mfululizo: kikohozi, homa, kuhara, na tetekuwanga juu yake. Kumbe maradhi hayakufa, yalikosa njia tu. Tangu hapo siamini maradhi yakinyamaza.

Sasa nasikia surua imeingia huko Kizimkazi. Nilipokuuliza sindano ya pili ya surua ya mwanangu Nuru ulinijibu, "Nshakwambia kachomwa, kwani mimi nnakudanganya?" Nikaomba picha ya kadi. Ikachukua siku nne kufika. Kadi iko kabatini, siku nne za nini?

Dada, nimeitazama picha hiyo mpaka macho yameniuma. Sindano imeandikwa siku ile ile Nuru alipotimiza mwaka na nusu, bila kuzidi wala kupungua. Siku hiyo ilikuwa Idd mosi. Nakumbuka nilipiga simu mkanionesha masahani ya pilau. Muuguzi gani aliacha pilau yake akaja kufungua kituo? Na ile saba ya kwenye tarehe, yenye kistari kiunoni, ni saba yako, naijua tangu tunasoma pamoja.

Nilikasirika, nikaanza kukuandikia maneno makali, nikayachana. Maana nilikumbuka ni nani aliyekuwa akipiga simu kila siku na kilio: "Usimtoe Nuru nje, kliniki kuna watu, ataipata korona." Ulinitii. Halafu nadhani uliona haya kuniambia muda umepita, na mimi niko mbali siwezi kufanya kitu.

Nisalimie Baba, na shangazi anayemsuka Nuru nywele, na mke wa kaka aliyejifungua juzi. Mwambie asikose kliniki.

Ukiipata barua hii, mpeleke Nuru kesho yake asubuhi, kabla ya chekechea. Waambie kituoni kwamba mstari ule wa kwenye kadi hakuuandika muuguzi. Wakikuuliza kwa nini kachelewa hivi, usijitie hatiani. Waambie mama yake alikataza.

Mdogo wako,
Zuhura