Kengele ya Kanyakine Haitalia

S.L.P. 214,
Kanyakine.
15 Januari 2026

Mpendwa Baba Mkubwa Naftaly,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mgongo unaendeleaje na baridi ya huko Kanada? Sisi ni wazima, na Mama amekuwekea kahawa.

Ujumbe wako wa kuniambia nimwombe Baba radhi mbele ya kamati ya kanisa umenifikia. Sitaomba.

Ulichangia mnara wa kengele wa kanisa letu, kwa hiyo una haki ya kujua. Kila jengo refu na jembamba lina mwendo wake wa kuyumba. Huu wetu wa chuma uliyumba haraka kuliko kengele inavyovutwa, basi ukatikisika kidogo tu. Baba, kama mwenyekiti wa kamati, akaagiza mifuko ya simiti ipandishwe juu kabisa, eti mnara utulie! Uzito huo ukaufanya uyumbe polepole, sawasawa na mvuto wa kamba. Sasa Mbaka, mpiga kengele wetu, kila akivuta anausukuma mnara kule kule unakoelekea. Nati zimeanza kulegea, na watoto wa Sunday school husimama chini yake.

Sikusoma uhandisi Embu ili nije kunyamaza. Niliunda mfano wa mnara kwenye meza ya Mama, nikapiga hesabu mpaka mfano na mnara vikakubaliana. Kisha nikafunga juu ya mnara wenyewe kifaa cha kuhisi mtikisiko na chuma kizito kinachosukumwa na mota: mnara ukienda upande wa Meru, chuma kinakwenda upande wa Embu. Kuyumba kwa kiganja kizima kukabaki unene wa kidole. Mbaka alisema, "Aki Nelius, hii kitu imetulia!"

Kesho yake Baba akaamuru kishushwe. "Nyumba ya Mungu haiwekwangi mota!" Na kinanda cha kwaya kinatumia nini, mafuta ya taa? Ukweli ni kwamba anaona aibu kwa ile simiti yake. Nampenda, lakini aibu yake haitaushika mnara ukianguka.

Kamba ya kengele nimeifungua, ninayo. Kamati inatishia kuniitia polisi. Waje, chai ipo.

Wewe ndiye kaka yake Baba, mpigie simu: simiti ishuke, mota irudi. Yeye anasema Pasaka atapanda mwenyewe aigonge kengele kwa nyundo. Atanikuta nimekaa kwenye ngazi, na Mama amesema atakaa nami.

Nisalimie Mama Mkubwa Lorna na Gitari. Mungu awafunike huko mliko.

Binti yako akupendaye, asiyetubu,
Nelius