Ng'ombe Aliyejizaa

Beverlyne, uko? Nimefanya kitu kibaya leo darasani. Niko nje ya koleji hapa Kitengela na nashindwa hata kuomba Mungu.

Unajua ile programu yangu ya kutafuta ukoo wa ng'ombe, huyu mama yake ni nani, na mama ya mama. Leo imekwama, halafu ikaanguka, ikajifunga yenyewe mbele ya wote. Nikasema ni virusi vya disketi ya Parmuat, yule ninayesoma naye, kwa sababu ndiye alinipa humo majina ya ng'ombe wa kwao Kajiado. Nilisema mimi, tena kwa sauti!

Mwalimu Ezra hakuuliza. Alichukua ile disketi akaivunja, eti virusi visienee kwa kompyuta zingine. Akaivunja, Beverlyne.

Ndipo akasoma yale maneno ya kwenye skrini, yanayoonyesha programu ilipitia wapi kabla ya kuanguka. Ni hatua moja tu ikijirudia, tafutaMama, tafutaMama, mpaka chini. Akaniambia, "Mama Whitney, hii si virusi. Programu yako inazunguka pale pale."

Kumbe kuna ng'ombe mmoja wa kununuliwa sokoni, mama yake hajulikani. Programu ilikataa nafasi tupu, nikajaza jina la huyo ng'ombe mwenyewe mahali pa mama.

Parmuat alicheka kwanza. "Ng'ombe gani huyo alijizaa?" Kisha akaangalia vile vipande vya disketi. Kazi yake ya mtihani ilikuwa humo, yote, na hana nakala nyingine.

Nimemwambia nitamchapia upya, hata nikeshe. Akasema polepole, "Utachapa nini, mama? Hata mimi sikumbuki."