Bila Hata Mkwaruzo

Jumatano, 6 Agosti

Dada yangu mpenzi,

Kama kuna mtu aliyezaliwa na bahati ya kudumu hapa duniani, ni huyu mdogo wako. Nimetoka kwenye ugomvi wa wanaume wanne, mmoja ana fimbo ya chuma, na sina hata mkwaruzo. Nimejikagua kwenye kioo cha choo cha hospitali, mbele na nyuma, ngozi nzima kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Wengine wanaomba bahati, mimi naomba ipungue.

Habari za huko lakini? Goti lako linasemaje, na ile mashine ya kushonea bado inakata uzi? Sisi huku wazima, isipokuwa baba kidogo. Nitafika kwa baba, usiruke mistari.

Naandika kwa kompyuta ya mapokezi kwa sababu simu yangu imevunjikia kwenye kichwa cha mtu. Mama wa mapokezi amenipenda, kanipa dakika ishirini. Najua utaisoma barua pepe hii pale kwa jirani wa fotokopi, basi mwambie asichungulie.

Kwanza hiyo ziara. Unakikumbuka kile kijitabu cha picha, "Daraja la Juu la Familia"? Basi la kifahari, hoteli inayotazama mto, mwongozaji msomi, na siku ya nne kutembelea viwanda vya kale vya kutengeneza ngozi. Baba alikiweka chini ya mto wake miezi miwili. Sasa sikiliza. Kiyoyozi cha basi kinapuliza joto. Siku ya kwanza tu familia mbili ziligombea viti vya mbele: mwalimu mstaafu akamzaba kofi mwuza mbao, mke wa mwuza mbao akamng'ata mwalimu sikio, na safari ikaendelea huku damu inadondokea kijitabu, juu ya ile picha ya mto. Mto wenyewe hatukuuona. Dirisha letu lilitazama ukuta, na ukuta ukatutazama sisi. Tulilala wanne chumba kimoja, mimi, wifi yako, binti na baba. Baba alipewa kitanda cha kukunja, kikamkunja naye.

Mwongozaji tulimpa jina Bendera. Anatembea na kibendera cha njano, na akili yake yote imeishia kwenye kile kijiti.

Siku ya nne baba akavaa shati lake la heshima, akatia msharasi wake mfukoni, eti akawaonyeshe mafundi wenzake tunavyotoboa ngozi kwetu. Tukashushwa mbele ya duka. Dada, duka. Majaketi na mikoba kutoka sakafuni mpaka darini. Mlango ukafungwa nyuma yetu, Bendera akasema hiki ndicho kiwanda, na hatutoki mpaka zipite saa mbili za kununua kwa hiari.

Baba akashika koti moja, akawaambia wenzetu hii si ngozi, ni plastiki iliyobandikwa kitambaa. Wakabisha. Basi akawasha kiberiti cha gesi, akakipeleka kwenye pindo. Likayeyuka, likadondosha matone meusi, likanuka kama ndoo iliyotiwa moto. Watu wakaanza kurudisha mikoba, wauzaji wakamvamia mzee.

Hapo ndipo mdogo wako nilipoingia. Wa kwanza nilimpiga kichwa cha pua, ikalala upande. Wa pili nilimvunjia simu utosini. Wa tatu alikuja na ile fimbo ya kuangulia majaketi, yenye ndoano, nikamnyang'anya nikampitishia magotini akapiga sala bila kuambiwa. Wa nne alikimbia, na mimi simfukuzi mtu anayekimbia, ni uungwana.

Baba amechubuka. Mkono wa kulia umevimba kidogo. Wifi yako na binti wanarudi kesho kutwa na kundi, mimi nabaki na mzee.

Mdogo wako asiyegusika,
Mjuaji

*

Alhamisi, 7 Agosti

Mdogo wangu,

Nimekupata. Goti ni lile lile, mashine nimeibadilisha sindano. Nashukuru Mungu kwa uzima wako. Jirani wa fotokopi amechungulia na amecheka sana pale pa sala. Mimi sikucheka.

Kuvimba kidogo ni kidogo gani? Baba ni fundi viatu wa miaka arobaini na sita, huo mkono wa kulia ndio baba mwenyewe. Nilipomtoa kwangu nikamweka kwenye gari lako nilikuambia neno moja: mrudishe kama nilivyokupa. Ukanijibu, "Dada, nitamrudisha amenenepa."

Basi niambie mambo mawili tu. Anakunja vidole? Anaweza kushika msharasi?

Viti vyenu viko hapa karakanani. Chako nimewekea maboksi, cha baba hakikaliwi.

Dada yako

*

Ijumaa, 8 Agosti

Dada mwenye maswali,

Salamu zako nimezipokea, na ukali wake pia. Chakula cha hospitali hakina chumvi ila kinashibisha. Wauguzi wananiita shujaa. Habari imeenea mji mzima, leo asubuhi mwuza magazeti amenipa mkono.

Kuna kitu nilikisahau. Yule wa nne hakukimbia moja kwa moja, alirudi na kisu cha kukatia nyuzi. Nikamkamata kifundo cha mkono, nikakizungusha mpaka nikasikia kinalia kama soli kavu inapokatika, kisu kikaanguka, nikamsukumia kwenye kabati la vioo. Kabati lote likamshukia. Damu yake ilinirukia shati, ndiyo damu pekee niliyonayo. Bendera alijificha chini ya meza na kibendera chake, kijiti tu kinaonekana kinatetemeka. Ungekuwepo ungelipa kiingilio.

Kuhusu mkono, madaktari wanasema unapumzika. Wamepiga picha, wamefunga bandeji, wanajadiliana kitaalamu. Unajua hawa watu hawapendi kuharakisha. Baba anakusalimu.

Dakika zimeisha, mama wa mapokezi ananikodolea.

Mdogo wako

*

Jumapili, 10 Agosti

Mdogo wangu,

Natumaini mmeamka salama. Mimi sikulala vizuri, naandika mwenyewe nimemfukuza jirani akanywe chai.

Wifi amefika jana. Nilimkumbatia, alikuwa mgumu kama mbao. Nikamuuliza mkono wa baba, akasema, "Dada, umepondwa, na mbavu zimevunjika." Nikamuuliza umepondwaje wakati mume wake shujaa alikuwa anawagawia watu vichwa vya pua. Akatazama chini. Akasema, "Baba ametuapisha. Muulize ndugu yako." Nikamgeukia binti, naye akaingia chini ya meza ya kukatia ngozi na hakutoka mpaka jioni. Mtoto ambaye ukimnyamazisha anaimba.

Sasa nisikilize vizuri, maana nimekaa na jambo hili tangu barua yako ya kwanza.

Baba hachomi ngozi. Hajawahi. Anaikunja, anatazama mikunjo, anaikwaruza na ukucha, anainusa, basi, ameshajua. Alitufundisha hivyo tukiwa na miaka saba na tisa. Anasema anayehitaji moto kuijua ngozi atafute kazi ya kuoka mikate. Na tangu aache sigara hana kiberiti, miaka kumi na mbili sasa, hata jiko namwashia mimi.

Mwenye kiberiti cha gesi mfukoni ni wewe, na huvuti. Ni wewe uliyechoma kiatu cha yule bwana harusi mbele yake ili umwonyeshe kwamba ni ngozi halisi. Kilikuwa halisi. Kikaungua. Baba alikutoa karakanani wiki nzima, na mimi ndiye niliyemwomba akurudishe.

Halafu niambie kingine. Wanaume wanne, fimbo, kisu, kabati la vioo, na wewe huna mkwaruzo. Mzee wa miaka sabini na moja amepondwa mkono, amevunjwa mbavu, wewe huna mkwaruzo. Mdogo wangu, mimi nimekuona ukitoka damu kwa kufungua kopo la maharage.

Nani aliwasha kiberiti? Wewe ulikuwa wapi?

Dada yako

*

Jumatano, 13 Agosti

Mdogo wangu,

Hujambo? Siku tatu kimya. Nilipiga simu hospitali, wananielewa nusu, wananiambia mkono, mkono, kisha wanakata. Niandikie hata mstari mmoja.

Dada

*

Jumapili, 17 Agosti

Mjuaji,

Sikuulizi hali. Wateja wanakuja kuchukua viatu wanaulizia mzee. Nawaambia yuko kwenye matembezi ya daraja la juu. Leo nimechukua nyundo yake kupigilia kisigino, nikairudisha pale pale alipoiacha.

Binti amesema. Nilikuwa namfunga kamba za viatu, akasema, "Shangazi, mimi nilimpiga baba mgongoni, nikampiga sana, hakufungua." Nikamuuliza hakufungua nini. Akavuta mguu, akakimbia na kamba zimelegea.

Sitaki kusikia mengine kwa mtoto. Nataka kwako.

Dada

*

Jumatano, 20 Agosti

Dada,

Sina salamu za kutosha, chukua hizi hizi. Baba yu hai. Anakunja vidole viwili. Vitatu havipo. Walivikata Jumatatu iliyopita, niliweka saini mimi. Kidole gumba kimebaki na kile cha mwisho. Msharasi hatashika tena. Hayo ndiyo majibu ya maswali yako mawili.

Kiberiti kilikuwa changu.

Baba alilikunja lile koti, akalinusa, akanitazama akatikisa kichwa, akalirudisha mahali pake kwa adabu. Ndivyo alivyo. Alikuwa amekasirika kimya kimya, maana alingoja viwanda maisha yake yote akapelekwa dukani, lakini alikuwa anamaliza. Mimi ndiye sikumaliza. Mwalimu na mwuza mbao walikuwa wanabishana kama ni ngozi au la, watu wamesimama, na mimi nikiona watu wamesimama unanijua. Nikasema, "Jamani, pisheni fundi." Nikawasha. Likayeyuka, watu wakacheka, na mimi nikainama kama mwanasiasa.

Wauzaji walikizima kicheko haraka. Yule mwenye fimbo akasema kitu, Bendera akatafsiri: "Anauliza nani kachoma." Kiberiti kiko mkononi mwangu, Dada, bado cha moto. Baba akakichukua kwenye kiganja changu taratibu, kama alivyokuwa ananinyang'anya kisu cha kukatia soli nilipokuwa mdogo, akasema, "Mimi."

Wakafungua mlango watutoe sisi wengine. Nikambeba binti, nikamshika wifi yako mkono, nikatoka. Moyoni nikasema nawafikisha kwenye basi halafu narudi. Niliwafikisha. Halafu nikaushika mlango wa basi kwa ndani kwa mikono miwili, na sikuuachia. Dereva aliniambia, "Bwana, nani anakuja humu?" Hakuna aliyekuwa anakuja. Binti alikuwa ananipiga mgongoni, anasema babu, babu. Wifi yako hakunipiga. Alinitazama tu, na mpaka leo nahisi pale aliponitazama.

Duka lina kioo kikubwa mbele, kila kitu kinaonekana. Walianza na mbavu, kwa mateke, akaanguka kati ya mikoba. Wakamwinua. Msharasi ukaanguka mfukoni, yule mwenye fimbo akauokota akauangalia, nadhani ndipo alipojua kwamba huyu mzee anaishi kwa mikono. Wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya kaunta. Mmoja akashika kifundo, mwingine akashika kiwiko. Fimbo ilipanda na kushuka. Mara ya kwanza baba hakutoa sauti, nilimwona midomo imefungwa. Mara ya pili kinywa kilifunguka. Sauti haikunifikia, kioo kinene. Baada ya hapo sikuangalia, nilitazama mikono yangu kwenye mlango. Yote mizima.

Unajua nani waliingia kumtoa? Mwalimu mstaafu, sikio lina plasta, na mwuza mbao. Wale wale niliowacheka. Waliingia pamoja. Mwuza mbao alimrushia mmoja kiti cha chuma usoni, mwalimu alimng'ang'ania mwenye fimbo shingoni mpaka wakaanguka wote kwenye kabati. Kabati lililomwagika ni la mwalimu, pua iliyolala upande ni ya mwuza mbao, yeye ndiye aliyevunjwa pua. Niliwaibia hata vipigo vyao nikakuandikia.

Baba alipozinduka alinikuta nimekaa pembeni ya kitanda. Nikaanza kusema, baba, mimi. Akasema, "Nyamaza. Dada yako asijue, atakutoa karakanani, na sasa anahitaji mikono." Ndiyo maana aliwaapisha. Anakuogopea wewe, ananiogopea mimi, na vidole vyake viko kwenye ndoo ya hospitali.

Tunarudi Jumamosi, saa nne asubuhi. Njoo uwanja wa ndege na kiti cha magurudumu kwa sababu ya mbavu. Ukinitoa karakanani nitatoka. Ukiniacha, nitakaa kwenye kiti changu, cha baba sikigusi, naye atakuwa pembeni ananiambia mahali pa kutoboa.

Simu haikuvunjika. Iko mfukoni, nzima, niliizima siku ile ile nisisikie sauti yako. Wauguzi hawaniiti shujaa, hawaniiti chochote. Na ile bahati niliyokuanzia nayo barua ya kwanza ni uongo. Sina mkwaruzo kwa sababu sikupigana.

Mdogo wako